Timu Zinabadilika, Nambari Yako Haibadiliki

Yafuatayo ni maelezo ya afisa msimamizi wa Dawati la Huduma la kaunti kwa wakazi, wazee wa mitaa na wasimamizi wa wadi, kuhusu kupangwa upya kwa timu zinazoshughulikia malalamiko na maombi ya huduma. Tumeyachapisha ili yamfikie hata ambaye hakuweza kuhudhuria.

 

Hivi karibuni kaunti itapanga upya timu zinazopokea na kushughulikia malalamiko yenu. Mtu akisikia habari hiyo, jambo la kwanza analojiuliza ni hili: "Na shida niliyoripoti mwezi uliopita itakwenda wapi?" Hilo ndilo swali nililokuja kulijibu.

Tiketi ni nini

Ukipiga simu, ukituma ujumbe mfupi, ukiandika barua pepe au ukifika kaunta kueleza shida, mhudumu huiandika kwenye programu ya dawati la huduma, na programu huipa nambari. Rekodi hiyo ndiyo tunayoiita tiketi. Ichukulie kama faili ndogo. Ndani yake mna siku uliyoripoti, mahali penye shida, maelezo yako, picha kama ulituma, timu iliyopewa kazi, na kila hatua iliyochukuliwa tangu siku hiyo.

Programu za aina hii ni nyingi. Kuna osTicket na Zammad, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, na kuna Zendesk na Freshdesk, ambazo ni za kibiashara. Zinatofautiana kwa sura na kwa bei, lakini zote hufanya kazi kwa wazo moja: kila tiketi iwe na mwenyewe. Iwe chini ya timu fulani, na ndani ya timu hiyo iwe mikononi mwa mtu fulani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tiketi ndiyo daftari letu. Tena ni ahadi, na ahadi ni deni. Kaunti ikikupa nambari, imekiri kwamba imekusikia na kwamba inakudai jibu.

Kwa nini tunabadilisha

Leo timu zetu zimepangwa kufuata idara: Maji, Barabara, Afya, Masoko na Mapato, Usafi, Ardhi. Kwa wafanyakazi ofisini mpango huo unaeleweka, lakini shida za wananchi hazifuati mipaka ya idara. Bomba likipasuka katikati ya barabara, maji ni ya idara moja, shimo ni la idara nyingine, na matope yanayoingia sokoni ni ya idara ya tatu. Tiketi inatumwa huku, inarudishwa kule, na kila ofisi inaweza kuapa kwamba imefanya sehemu yake huku mama muuza mboga bado anakanyaga maji.

Katika mpango mpya, kila kaunti ndogo itakuwa na timu moja ya mbele. Timu hiyo ndiyo itakayopokea tiketi na kuifuatilia hadi mwisho, hata kama kazi yenyewe inafanywa na mafundi wa maji au wahandisi wa barabara. Mafundi watakuwa timu za nyuma. Timu ya mbele itaomba kazi kwao, lakini haitawaachia tiketi ikasahaulika.

Yale yasiyo ya kaunti yatafuatiliwa pia. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, taa za barabarani, uzoaji taka, masoko, zahanati na barabara za kaunti ni jukumu letu. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, na laini za stima zinazoingia majumbani ziko chini ya Kenya Power. Shida yako ikiwa ya huko, timu ya mbele itakuambia ni ya nani na upeleke wapi. Haitafunga tiketi kwa maneno mawili, "si yetu", halafu ikanyamaza.

Tiketi hupotea vipi

Sasa nieleze hatari, kwa sababu ukijua mwizi anapitia wapi, unajua pa kuweka kufuli. Timu zinapopangwa upya ndani ya programu, tiketi hupotea kwa njia tano.

Ya kwanza ni kufuta timu ambayo bado ina tiketi. Mfanyakazi akifungua programu asubuhi, huona orodha ya tiketi za timu yake. Timu ikifutwa, tiketi zake zinaweza kubaki bila timu, au zikatupwa kwenye foleni ya jumla ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuiangalia. Kwenye kompyuta bado zipo, lakini hakuna jicho la mtu linaloziona.

Ya pili ni tiketi iliyoandikwa jina la mtu. Mfanyakazi anahamishwa au anastaafu, akaunti yake inazimwa, lakini tiketi alizokuwa nazo zinabaki kwa jina lake. Wenzake wanadhani mwenzao anazishughulikia, naye ameshaondoka.

Ya tatu, na ndiyo hatari kuliko zote, ni tiketi zinazosubiri. Hizi si wazi kabisa wala hazijafungwa. Pengine fundi anangoja kifaa, au tulikuomba picha ya eneo na bado hujatuma. Mtu akihesabu tiketi zilizo wazi peke yake, hizi hazionekani. Baada ya wiki tatu unatuma picha, tiketi inaamka, inaitafuta timu yake ya zamani, na timu hiyo haipo tena.

Ya nne ni milango ya kuingilia. Kila anwani ya barua pepe, kila fomu na kila nambari ya ujumbe mfupi ina kanuni ndani ya programu inayosema, "ikiingia hapa, peleka timu fulani." Timu ikibadilishwa na kanuni ikaachwa ilivyo, malalamiko mapya yanaendelea kupelekwa kwenye nyumba iliyohamwa. Programu huenda isitoe onyo lolote.

Ya tano ni saa. Programu huhesabu muda tangu ulipotoa ripoti. Mfumo usipowekwa vizuri, tiketi ikihamishwa saa inaweza kuanza upya, na shida ya siku 19 ikaonekana kama imeripotiwa leo. Haijapotea, lakini imepoteza nafasi yake kwenye foleni, na aliyengoja sana anarudishwa nyuma ya aliyekuja jana.

Hasara yake si ndogo

Wengine watasema hili ni jambo la kompyuta, waachiwe vijana wa teknolojia. Mimi sikubali. Taa iliyozimika kwenye njia ya kutoka stejini ni wasichana wanaotembea gizani wakitoka masomoni. Jokofu la chanjo lililoharibika zahanati ni watoto wanaorudishwa nyumbani. Tiketi ya shida kama hiyo ikipotea, hakuna anayekuja kumwambia mwananchi "hapana." Anakutana na kimya tu. Mwananchi akikutana na kimya, anaona amedharauliwa, na siku nyingine haripoti tena.

Kuna na upande wa sheria. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa njia ya haki. Ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 linatakiwa kujibiwa haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya siku 21. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Sheria haisemi kwamba siku hizo zinasimama kwa sababu ofisi inapanga timu zake.

Hatua tutakazofuata

Hatua ya kwanza ni jedwali. Kabla ya kugusa programu, tunaandika kila timu ya zamani upande mmoja, na upande wa pili timu mpya itakayorithi kila aina ya kazi yake. Tunaandika pia kila mfanyakazi anayehama na nani anapokea tiketi zilizo kwa jina lake. Kisanduku kikibaki kitupu, kazi haianzi.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Tunahesabu tiketi zilizo wazi, zinazosubiri na zisizo na mwenyewe, kwa kila timu. Hesabu hiyo inachapishwa na kutiwa sahihi. Tunatoa pia nakala ya rekodi zote na kuiweka mahali pengine, kisha tunajaribu kuifungua. Nakala ambayo hakuna aliyewahi kuifungua si ya kutegemea.

Hatua ya tatu ni kujenga timu mpya kando ya zile za zamani, zote mbili zikiwa hai. Tunaingiza wafanyakazi, tunahakikisha wanaona wanachopaswa kuona, kisha tunatuma tiketi za majaribio kupitia kila mlango kutoka kila kaunti ndogo. Ya majaribio isipofika inakotakiwa, tunatafuta sababu kabla ya tiketi hata moja ya mwananchi kuhamishwa.

Hatua ya nne ni kuhamisha milango kwanza, tiketi baadaye. Mmeona steji ya matatu inapohamishwa. Abiria wapya huelekezwa steji mpya, lakini mtu hubaki steji ya zamani kuwaonyesha njia wale ambao hawajasikia. Nasi tutafanya hivyo hivyo. Malalamiko mapya yataingia timu mpya, na timu za zamani zitaacha kupokea. Kisha zilizobaki zitahamishwa kwa mafungu, tukianza na za dharura na zile zilizokaa muda mrefu. Kila moja itaandikwa ndani yake ilikotoka, ilikokwenda na tarehe. Siku uliyoripoti haitaguswa.

Hatua ya tano ni kuhesabu tena. Tuchukue mfano. Tuseme Ijumaa jioni tulikuwa na tiketi 640. Wakati wa kuhamisha zimeingia mpya 35, na 20 zimekamilika. Basi Jumatatu lazima tuwe na 655. Tukipata 652, hatusemi "tatu tu." Tatu hizo ni kaya tatu. Tutazitafuta kwenye nakala, nambari kwa nambari, mpaka zionekane.

Hatua ya sita ni kustaafisha timu za zamani bila kuzifuta. Zitazimwa zisipokee kazi, lakini zitabaki kwenye rekodi ili historia ya tiketi zilizofungwa isome vizuri. Kwa siku 90, msimamizi wa zamu ataangalia mambo mawili kila asubuhi: kama kuna kitu kimeingia timu ya zamani, na kama kuna tiketi yoyote isiyo na mwenyewe. Kazi hiyo itaandikwa kwenye orodha ya zamu kwa jina, kwa sababu kazi ya wote huwa si ya yeyote.

Kishawishi tunachokikataa

Hapa ningependa mnisikilize vizuri. Ziko njia mbili za kumaliza kuhamisha bila tiketi kupotea. Moja ni hiyo niliyoeleza, na ni ndefu. Nyingine ni fupi sana: kufunga tiketi zote za zamani kabla ya kuhama, kwa jina la "kusafisha mfumo." Hesabu itatoka safi, ripoti itapendeza, na hakuna kitakachoonekana kimepotea.

Lakini tiketi iliyofungwa kabla ya kazi kufanyika imepotea vibaya zaidi kuliko ile isiyo na timu. Isiyo na timu tunaweza kuitafuta. Iliyofungwa kwa uongo hakuna anayeitafuta, kwa maana rekodi inasema kazi imekamilika.

Kwa hiyo tumeweka kanuni. Katika kipindi cha kuhamisha, tiketi haitafungwa ila kwa mojawapo ya sababu mbili: kazi imefanyika, au aliyeripoti ameelezwa kwa nini haitafanyika na maelezo hayo yameandikwa. Kufunga tiketi nyingi kwa mkupuo kumezimwa kwa wafanyakazi wote, na tiketi yoyote iliyofungwa katika kipindi hicho itaonekana kwenye orodha moja inayokaguliwa.

Malalamiko ambayo hayatashushwa

Kuna faida kubwa kuleta timu karibu na wananchi, lakini ukaribu una pande mbili. Huku chini tunajuana. Anayepokea simu kwenye kaunti ndogo anaweza kuwa shemeji wa muuguzi unayemlalamikia, au jirani wa mkusanyaji ushuru anayedai pesa bila kutoa risiti.

Kwa sababu hiyo, malalamiko kuhusu afya ya mtu binafsi, dhuluma za kijinsia, usalama wa watoto, na madai ya ufisadi dhidi ya wafanyakazi hayatapelekwa timu za kaunti ndogo. Yatabaki kwa timu ndogo makao makuu, na wafanyakazi wengine hawataweza kuyafungua wala kuyaona yakitafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatudai tulinde habari za mtu zisionwe na wasiohusika. Timu mpya zikijengwa, ruhusa hizi ndizo zitakazokaguliwa kwanza, maana tiketi iliyofika kwa mtu asiyefaa inaweza kumdhuru mlalamishi kuliko iliyochelewa.

Wewe ufanye nini

Kwanza, tunza nambari yako. Iandike kwenye daftari au upige picha ya ujumbe uliopokea. Nambari hiyo haitabadilika.

Pili, usiripoti upya shida ile ile kwa kuogopa imepotea. Ukifanya hivyo kutakuwa na tiketi mbili, fundi mmoja ataenda na mwingine atatumwa bure, na mtu mwingine anangoja. Badala yake, uliza kuhusu nambari uliyo nayo.

Tatu, ukiuliza, uliza mambo matatu: tiketi yangu iko timu gani, hatua inayofuata ni ya nani, na nitarajie jibu tarehe gani. Mhudumu anayeona tiketi yako anaweza kujibu yote matatu. Akishindwa kujibu la kwanza, mwambie aipeleke kwa msimamizi wa zamu siku hiyo hiyo, maana hiyo ni dalili kwamba haina mwenyewe.

Nne, kama ulieleza shida yako kwa mdomo, kwa mzee wa mtaa au kwenye ofisi ya wadi, na hukupewa nambari, basi huenda haijaandikwa popote. Nenda uombe nambari. Ni bure. Wazee wa mitaa na wasimamizi wa wadi, nawaomba kila shida mnayoletewa iingie kwenye mfumo siku ile ile, hata kama mnajua fundi wa kumpigia simu moja kwa moja. Simu husaidia leo, lakini rekodi ndiyo inayoonyesha kwamba bomba lile lile limepasuka mara ya nne na linahitaji kubadilishwa.

Tano, ukiona hukusikizwa kabisa, una haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, au kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ombudsman. Huko pia nambari yako na tarehe uliyoripoti ndivyo vitakavyokutetea.

Nisiahidi nisichoweza

Kupanga timu upya hakuleti mabomba, hakuleti changarawe wala hakuongezi idadi ya mafundi. Tiketi iliyokuwa inangoja bajeti itaendelea kungoja bajeti. Ninachoweza kuahidi ni kwamba utajua inangoja nini, iko kwa nani, na tangu lini. Hayo yakijulikana, hata wakati wa kujadili bajeti mtakuja na hoja iliyo na ushahidi: tiketi ngapi za maji zimekaa muda gani katika wadi gani.

Hesabu ya kabla na hesabu ya baada zitabandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za kaunti ndogo na za wadi, timu kwa timu, bila majina ya walioripoti. Zisome. Zikiwa hazilingani, ulizeni. Na kama nambari yako ilikuwa hai kabla ya kuhama na sasa mhudumu anakuambia haipo, usirudi nyumbani ukinung'unika. Leta nambari hiyo kaunta, tuitafute pamoja mpaka ionekane.

 Sasa niko tayari kwa maswali yenu.